Mashine Nambari Nne

Saa mbili na nusu asubuhi kompyuta zote saba zilikuwa zikifanya kazi vizuri, na Kamikazi hakufurahi hata kidogo. Alikuwa ametumwa kutoka Kigali kuja kuona kompyuta zinazoganda. Sasa zilikuwa zikimchekea, kama jino linaloacha kuuma mtu akishaketi kwenye kiti cha daktari.

"Ni vile iko nafanya, madame," alisema Damascène, mkurugenzi wa ofisi. "Mbele ya mugeni inajikaza."

Alikuwa mtu mrefu, mwenye suti ya kijivu na adabu za kutosha watu wanne. Alimvutia Kamikazi kiti, akakipangusa kwa leso, akasubiri aketi ndipo naye aketi. Juu ya meza yake palikuwa na bahasha, na alipoitazama uso ulimbadilika.

"Barua ya kufukuza karani Dative iko tayari. Gari ya Kigali inapita saa sita kuchukua ma-courrier. Kama mpaka saa sita hujaniambia neno lingine, mi nasaini, na Dative anaenda kwao. Mi sipendi, lakini kazi iko kazi."

"Mpe mpaka saa sita, basi," alisema Kamikazi. "Na mimi nipe funguo zote."

Kamikazi alizaliwa na kukulia Mwanza, akasomea mitambo ya simu huko, akarudi Rwanda na wazazi wake mwaka wa 1995 akiwa na sanduku la bisibisi na Kiswahili cha shuleni. Tangu hapo alikuwa akizunguka nchi kupeleleza mashine za watu. Miaka minne ya kazi hiyo ilikuwa imemfundisha jambo moja, kwamba mashine haidanganyi ila huulizwa maswali ya kijinga.

Ofisi hiyo ya Gisenyi kazi yake ilikuwa kutafuta jamaa: kuwakutanisha watoto waliopotezana na watu wao katika miaka ya vita. Majina na picha zao zilikuwa ndani ya rejista moja kubwa, kila mtoto na ukurasa wake, na rejista hiyo ilitunzwa kwenye seva mbili. Ya kwanza ilikuwa katika chumba cha nyuma. Ya pili ilikuwa ng'ambo ya ua, katika jiko la zamani, na kila ikitimia saa kamili, ile ya kwanza iliinakilia ya pili kila kilichoandikwa. Moja ikiungua au ikiibwa, watoto wasipotee mara ya pili. Kompyuta saba za ofisini hazikutunza kitu chochote; zilisoma na kuandika kwenye rejista kwa njia ya waya.

Sasa ilikuwa wiki ya tatu zikiganda. Si kila siku, si saa zote, lakini zikiganda ziliganda zote kwa pamoja, dakika kumi, mara nyingine zaidi ya nusu saa, kisha zikafufuka zenyewe. Jack, fundi aliyezifunga, alizisoma kumbukumbu za seva kwa njia ya simu akiwa Kigali, akatoa hukumu: anayeifungia rejista ni mashine nambari nne. Karatasi iliyobandikwa ukutani, kwa mkono wa Jack mwenyewe, ilisema nambari nne ni ya Dative. Siku hiyo hiyo Damascène alisimama katikati ya chumba kikubwa, mbele ya makarani na wageni waliojaa kwenye benchi, akasema kwamba Dative anachezea mashine na kuwachelewesha watoto wa watu.

Kamikazi alimkuta Dative kwenye meza yake karibu na dirisha. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano hivi, mwenye kuwatunza wadogo zake watatu huko Nengo, na macho yake hayakuwa ya kulia. Yalikuwa ya mtu aliyekasirika tangu siku hiyo.

"Wewe ndiye Dative?"

"Ni mi. Muuaji wa ma-ordinateur."

"Unacheza karata humo ndani?"

"Mi sijui hata karata ya mukono."

"Zikiganda, wewe huwa unafanya nini?"

"Na mi naganda. Naangalia mugeni, mugeni ananiangalia."

"Inaanza yako, au za wengine?"

"Zote mara moja. Valens akianza kutukana kwa Kifaransa, ndio najua na yake imekufa."

Kamikazi alicheka, na Dative, bila kupenda, akatabasamu kidogo. Valens mwenyewe, karani wa meza ya pili, alikuwa mnene na mwenye maoni juu ya kila jambo. Hakungoja kuulizwa.

"Ni courant, madame. Courant ya hapa iko mubaya."

"Zikiganda, taa huzimika?"

"Hapana. Taa inabaki."

"Basi ni umeme wa ajabu huo, unaoua kompyuta na kuacha taa."

"Bon. Kama si courant, ni panya. Angalia ile waya ya nje."

Kamikazi hakudharau panya. Alitoka kwenda uani, akaufuata ule waya uliotoka seva ya kwanza kwenda jikoni, mita thelathini ndani ya bomba la plastiki lililolazwa chini ya migomba. Karibu na mlango wa jiko bomba lilikuwa limepasuka, na waya ulikuwa umechunwa ngozi. Alipiga magoti kwenye matope bila kujali suruali, akaufuta kwa kidole, akaukagua kwa kioo cha kukuzia.

"Ni kuku wangu," alisema mtu nyuma yake. "Iko nafikiri ni munyoo."

Alikuwa Phocas, mlinzi wa lango, mzee mwenye koti la mvua hata jua likiwaka. Kamikazi alimwamkia shikamoo, na mzee akabaki akimtazama mpaka akakumbuka kwamba watu waliotoka Tanzania ndivyo walivyo.

"Kuku wamekula ngozi tu," alisema Kamikazi. "Hawajafika ndani."

Hata hivyo hakutegemea macho peke yake. Aliingia jikoni, akaiagiza seva ya kwanza iitumie ya pili picha elfu moja, akaketi juu ya ndoo kuzihesabu. Zote elfu zilifika, hakuna hata moja iliyokwaruzika. Akaufunga ule waya kwa utepe, akajipangusa magoti, na akakiri moyoni kwamba amevunjika moyo, maana kuku wangekuwa jibu zuri sana la kuandika kwenye ripoti.

"Mama, mi najua kinachoua mashine," alisema Phocas kwa sauti ya chini. "Ni Nyiraneza."

"Nani huyo?"

"Muuza sambaza. Anakuja hapa kila wiki mara mbili, tatu, na beseni yake. Anatafuta mutoto wa dada yake. Akitoka tu, mashine zinakufa. Batu wote wameona."

"Hao vidagaa wanajuana na kompyuta?"

"Mi sisemi uchawi. Mi nasema vile nimeona kwa macho."

Kamikazi alishukuru. Kwa miaka minne alikuwa amesikia mashine zikifa kwa sababu ya paka, pombe ya jirani na mtawa mmoja wa Kibuye, na daima alisikiliza. Mtu asiyejua sababu mara nyingi ameona wakati sahihi.

Saa tatu kamili ilimkuta chumba cha nyuma, mkono juu ya seva kana kwamba anapima homa ya mtoto. Kunakili kulianza, kukaisha katika nusu dakika. Hakuna kilichoganda. Akafungua kumbukumbu za wiki tatu, akaanza kuziandika kwa kalamu kwenye daftari lake, kwa sababu kioo humfanya mtu asome haraka na kalamu humlazimisha afikiri. Jumatatu, saa tano kamili, dakika kumi na mbili. Jumatano, saa nne kamili, dakika arobaini na moja. Ijumaa, saa tano kamili, dakika ishirini na sita. Jumanne iliyofuata, saa kumi kamili, dakika kumi na mbili tena. Ziligandishwa mara kumi na moja kwa jumla, na kila mara mwenye kufuli alikuwa mashine nambari nne.

Alimwita Valens na Dative.

"Tazameni hapa. Mwanzo wake kila mara ni saa kamili. Mwisho wake ni popote."

"Donc?" alisema Valens.

"Mashine ndiyo inayoanza kwa saa. Anayemaliza wakati wowote ni binadamu." Akageuza karatasi, akachora. "Fikirieni bomba la maji la mtaani, lenye midomo saba. Kila mmoja ana mdomo wake, anajaza ndoo yake, hakuna ugomvi. Hizo ndizo kompyuta zenu. Mtu akifungua ukurasa ili aandike, rejista inaweka kufuli kwenye ukurasa huo tu, mpaka aufunge. Wengine wanaendelea na kurasa zao."

"Hiyo tunajua," alisema Dative.

"Kila saa kamili anakuja mwenye pipa; kabla ya wiki tatu hizi alikuja usiku tu. Huyo ndiye mwenye kunakili. Yeye anataka midomo yote kwa pamoja, ili anakili rejista ikiwa imetulia. Anasubiri kila mtu amalize alichoshika, na akishasimama pale, hakuna anayeruhusiwa kumpita. Kwa kawaida anasubiri kidogo tu. Lakini mmoja akishika mdomo wake, akauacha wazi, akaenda kutembea?"

"Quartier nzima inakaa na kiu," alisema Valens polepole.

"Ndiyo. Mwenye pipa anamsubiri mtembezi, na ninyi mnamsubiri mwenye pipa."

Dative alikuwa ameshaelewa, na hakupendezwa. "Basi ni mi natembea? Mi hata choo naomba ruhusa."

Kamikazi aligeukia kisanduku cha nyaya kilichokuwa ukutani, ambapo nyaya saba ziliingia, kila moja na nambari yake kwa wino wa Jack. Alimtuma Dative arudi kwenye meza yake akaendelee kuandika, na Valens asimame mlangoni amtazame. Kisha akauchomoa waya wa nne.

"Dative anafanya nini?"

"Anaandika," alisema Valens.

"Haijaganda?"

"Hata kidogo."

Mwisho wa ukumbi, nyuma ya mlango wa mkurugenzi, ilisikika sauti ya adabu. "Valens, njoo kidogo. Yangu imekatika."

Valens aliutazama mlango ule, kisha meza ya Dative. Kamikazi aliurudisha waya mahali pake, akamwomba Valens aende kusema kwamba ni matengenezo. Yeye mwenyewe alirudi kwa Dative haraka, karibu akimbie.

"Hii kompyuta umekuwa nayo tangu lini?"

"Tangu mwezi wa sita. Walipopaka rangi tulitoa vitu vyote inje. Mbele ya pale nilikuwa na ile yenye kioo kikubwa. Kurudisha, Directeur akasema kioo kikubwa iende ku bureau yake, na waya yake, sababu ya macho. Mi nikapewa ile yake."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Waliniambia mashine yako, mashine yako. Hakuna mutu aliniambia numero."

Simu ya ofisi ilikuwa ukumbini. Kamikazi alimpata Jack mara ya tatu. Jack alikulia Kampala, na alipojitetea Kiswahili chake kilianza kuvaa viatu vya Kiingereza.

"Jack, ile karatasi ya ukutani uliiandika lini?"

"January, madam. Installation day."

"Tangu hapo umefika Gisenyi?"

"No, lakini network haihami."

"Network haihami, Jack. Watu ndio wanaohama, na wakihama wanabeba mashine zao."

Jack akauliza kama hilo litaandikwa kwenye ripoti, na Kamikazi akasema litaandikwa kwa herufi ndogo.

Ilikuwa saa nne na dakika tano. Saa kamili nyingine ilikuwa imepita bila kisa. Sasa Kamikazi alijua ni mashine ya nani, lakini hakujua kwa nini, na kumwambia mkurugenzi kwamba yeye ndiye mwenye kosa bila kuwa na sababu ni kuomba kutupwa nje pamoja na Dative. Mtu anayekaa ofisini mwake mchana kutwa, mbele ya kompyuta yake, aliacha vipi ukurasa wazi kwa dakika arobaini na moja? Hapo ndipo alipomkumbuka Phocas na vidagaa vyake. Akaenda langoni.

"Mzee Phocas, ukisema Nyiraneza akitoka mashine zinakufa, wewe unajuaje saa aliyotoka?"

Phocas alitoa chini ya koti lake daftari la wageni. Kila mgeni alikuwa humo: jina, atokako, aingiapo, atokapo, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa na mapadri. Kamikazi aliweka daftari lake pembeni ya lile, akashuka nalo mstari kwa mstari kwa kidole. Jumatatu, mzee mmoja wa Cyanzarwe, ametoka saa tano kasoro dakika tatu. Jumatano, Uwamariya wa Goma, ametoka saa nne kasoro tano. Ijumaa, Nyiraneza, saa tano kasoro mbili. Waliotoka saa nne na robo au saa tano na nusu hawakuua kitu.

"Huyu wa Cyanzarwe alikwenda wapi?"

"Kupanda taxi, pale juu."

"Ni mwendo wa muda gani, kwenda na kurudi?"

"Dakika kumi. Na kidogo."

"Na Uwamariya?"

"Barrière. Alikuwa anarudi kwake Goma."

"Kwenda na kurudi?"

"Mi, nusu saa. Directeur, arobaini, sababu anasalimia kila mutu."

"Directeur alikuwa naye?"

Phocas alimtazama kama aliyeulizwa kama ziwa lina maji. "Mama, kule kwako mugeni anaenda peke yake? Directeur ni mwenye nyumba. Anasindikiza wote. Nyiraneza anamufikisha mpaka chini ku plage, na beseni wanashika wote wawili."

Kamikazi aliketi kwenye jiwe la langoni akacheka mpaka Phocas naye akacheka bila kujua kwa nini. Furaha ilimpanda, furaha ile ya pekee ya kazi hii, ya kuona safu mbili za tarakimu zisizojuana zikishikana mikono. Dakika kumi na mbili zilikuwa umbali wa kituo cha taxi, ishirini na sita za ufukweni, arobaini na moja za mpakani pamoja na salamu. Seva ilikuwa imepima miguu ya mkurugenzi kwa wiki tatu na hakuna aliyeisoma. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema kitu juu ya mgeni akienda.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo ilikuwa suti ya kijivu. Kumwonyesha mtu kama Damascène safu za tarakimu ni kumpa nafasi ya kubisha kwa adabu mpaka saa sita ipite. Ilibidi aone mwenyewe. Kamikazi aliwapitia Dative na Valens, akawaambia waendelee na kazi, na ikitimia saa tano waandike wanachokiona, wasimwite mtu. Saa tano kasoro dakika ishirini alibisha mlango wa mkurugenzi.

"Mzee, kabla sijasema neno langu, nina dogo. Kuna mtoto anaitwa Ishimwe. Mama yake mdogo yuko hapo kwenye benchi, anasema kilima chao kimeandikwa vibaya. Si Kanama, ni Cyanzarwe."

Uso wa Damascène ulichangamka. Ilionekana wazi kwamba kazi hii aliipenda kuliko barua zote duniani. Aliutafuta ukurasa, akaufungua ili aandike, akavaa miwani, akafuta, akaandika kwa vidole viwili. Kisha akasoma jina la mama, akauliza kama herufi ni sahihi, akaeleza habari ya kilima hicho na familia anazozifahamu huko. Kamikazi alimsikiliza akitazama saa ya ukutani. Saa tano kasoro tatu alisimama.

"Mimi niwaache kidogo, Mzee. Nakwenda mpaka ziwani kupata hewa, nirudi na jibu."

Damascène alikuwa amesimama kabla yeye hajamaliza sentensi. Alivua miwani, akafunga kifungo cha koti, akamtangulia kumfungulia mlango. Mkono wake haukugusa kibodi. Ukurasa wa Ishimwe ulibaki unang'aa juu ya kioo kikubwa, na Kamikazi aliupita bila kusema kitu.

Walitoka langoni, Phocas akawapigia saluti. Walishuka barabara ya miti, na kila hatua ishirini palikuwa na mtu wa kusalimiwa: fundi baiskeli, masista wawili, mwanamke aliyekuwa akianika nguo na ambaye mkono wake ulikuwa na sabuni, kwa hiyo akampa kiwiko. Damascène aliuliza habari ya wazazi wa mwanamke, mguu wa fundi, paa la masista. Kamikazi alitaka kumchukia kwa ajili ya Dative, akashindwa. Walipofika ufukweni ziwa lilikuwa tulivu na wavuvi walikuwa wakitandaza nyavu.

"Hapa nakuacha, madame. Ukirudi nitakuwa ku bureau."

"Mzee, turudi wote. Kuna kitu kimesahauliwa."

"We umesahau nini?"

"Si mimi."

Alishangaa, lakini mwenyeji habishani na mgeni njiani. Walirudi saa tano na dakika ishirini na nne. Chumba kikubwa kilikuwa kimya. Kwenye benchi wageni tisa walikuwa wameketi na vitambulisho vyao mikononi. Valens alikuwa amemaliza matusi ya Kifaransa na sasa anang'oa uzi kwenye mkono wa shati. Dative alikuwa amekunja mikono mbele ya kioo kilichosimama.

Damascène aliona hayo yote mara moja, na shingo ikamvimba.

"Dative. Hata leo, na madame iko hapa?"

Wageni waligeuka wote kumtazama Dative. Alikazia macho kioo chake, mikono bado imekunjwa.

"Mzee," alisema Kamikazi, "njoo kwanza huku kwako."

Alimwingiza ofisini mwake na kumsimamisha mbele ya kioo kikubwa. Ukurasa wa Ishimwe ulikuwa bado wazi, na kidude cha kuandikia kinapepesa mwishoni mwa neno Cyanzarwe.

"Ufunge huo ukurasa."

Damascène alibonyeza. Kwa muda wa pumzi mbili hakikutokea kitu. Kisha kutoka chumba kikubwa kibodi moja ilianza kulia, na nyingine, na nyingine, mpaka ukumbi mzima ukarindima, na sauti ya Valens ikasema, "Enfin. Mwishowe."

Kamikazi aliweka mezani daftari lake na daftari la Phocas, wazi, moja kando ya jingine. Alimwonyesha pia nyuma ya kompyuta, ambapo waya uliingia na nambari nne ya Jack juu yake. Damascène alivaa miwani. Alisoma mistari yote kumi na moja, kidole kikienda kutoka daftari hili hadi lile, na alipofika mwisho alirudi juu akaanza tena.

"Donc ni mi," alisema.

"Ni wewe, Mzee."

"Lakini madame, mugeni amesimama. Mi nimupe mugongo, nianze kugonga-gonga ma-touche?"

"Hapana. Funga ukurasa kabla hajasimama. Na mwenye pipa namrekebisha mimi leo hii."

"Pipa gani?"

"Valens atakueleza. Kuanzia leo, kazi ya kunakili itasubiri dakika moja tu. Ikikuta mtu hajamaliza, itaondoka na kurudi saa inayofuata. Sindikiza wageni wako mpaka Goma kama unapenda."

Damascène hakutabasamu. Aliichukua ile bahasha ya barua, akaitia mfukoni mwa koti, akaitoa tena, kama mtu asiyejua mahali pa kuiweka. Kisha alimwita Dative. Dative aliingia na kusimama karibu na ukuta. Damascène alimvutia kiti, naye hakuketi. Mkurugenzi akaenda kufunga mlango.

"Uache tu," alisema Dative. "Ile siku haukufunga mulango."

Kamikazi alijishughulisha na nyaya, na masikio yake yote yalikuwa nyuma yake. Alimwogopea msichana huyo, maana kushinda kesi ni jambo moja na kumdai mkubwa haki yako ni jingine.

"Mi nakuomba musamaha, Dative," alisema Damascène kwa sauti ndogo.

"Nimesikia. Lakini mi peke yangu nimesikia."

Nje, gari la Kigali lilisimama langoni na kupiga honi. Phocas alikuja mpaka dirishani kuulizia barua, akaona sura zao, akarudi alikotoka. Damascène alifunga kifungo cha koti. Alipita mbele ya Dative, akaenda kusimama katikati ya chumba kikubwa, mahali pale pale aliposimama siku ile. Alisema kwa Kinyarwanda kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya watu wa Goma.

"Wageni wetu, na nyinyi ba bureau. Mashine yenye ilikuwa inafunga kazi ni yangu. Dative hakufanya kosa hata moja. Nilimusema hapa mbele ya batu, na nilimusemea uongo. Barua haiendi. Mbele yenu wote namuomba musamaha."

Aliinamisha kichwa, akakaa hivyo. Mwanamke mmoja kwenye benchi alimnong'oneza mwenzake, na mwenzake akaitikia kwa kichwa. Dative alitoka ofisini, akampita mkurugenzi, akavuta kiti chake na kuketi. Alijifuta macho kwa kiganja, mara moja tu, kisha akaiweka mikono juu ya kibodi na kuinua uso kuelekea benchi.

"Bon," alisema. "Nani anafuata?"